Wilaya Yenye Jina la Hondohondo

Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko akili, alipopewa ukuu wa wilaya ya Bondeni alianza kwa kuifuta Bondeni na kuandika jina lake. Kisha akamwita Fuko, mchimba mipaka.

"Vyura wanapiga kelele. Wakate."

Fuko akachimba mtaro, na vyura wakaachwa nje ya wilaya, wasiruhusiwe tena kunywa maji ya kisima cha wilaya.

"Vicheche wananuka. Wakate nao."

Wakakatwa. Wiki iliyofuata wakakatwa nungunungu, ati miiba yao inachukiza wageni.

"Anafuata nani, mheshimiwa?"

"Yeyote anayewakera wenzake! Usiniulize tena."

Fuko, mtumishi mtiifu, hakumuuliza tena. Aliwauliza wananchi waliobaki, mmoja mmoja, na wote wakamtaja yule yule.

Asubuhi Hondohondo akakuta mtaro umezunguka mti wake, na kisima kiko ng'ambo.

"Mpumbavu we! Unanikata mimi? Wilaya hii ina jina langu!"

"Na litabaki, mheshimiwa," Fuko akajibu, akijipangusa udongo puani. "Jina halijamkera mtu."