Kabla ya Kengele

Kisaa cha jikoni kililia, mke wa mkufunzi akaacha kuchapa katikati ya neno. Ndiyo kanuni: dakika ishirini na tano za kazi bila kuinua macho, kisha tano za kupumua. Hizo tano alizimalizia chumbani, akimgeuza mumewe ubavu na kumlowesha midomo.

Kanuni yenyewe ni ya mume. Miaka kumi alizunguka maofisini akiwafundisha watu kufunga mlango, kuzima simu na kutega kisaa. Nyumbani ndiyo kabisa hakuwa na mchezo: hata nyumba ikiwaka moto, asigongewe kabla ya kengele.

Sasa amelala kama gogo, tangu kiharusi kimwangushe pale mezani pake, kitabu chake kikiwa kimebakiza sura moja kuchapwa. Daktari alikwisha kata tamaa. Zimebaki siku za kuhesabu. Mke alitaka kitabu kikamilike mume angali anapumua, na moyoni aliona hatawahi.

"Pumzika basi, wifi," alisema dada wa mume, aliyekuja kusaidia kufua. "Umekonda, macho yameingia ndani. Kwani hicho kitabu kina miguu, kitakimbia?"

"Imebaki nusu sura."

"Mwenyewe hasikii hata jina lake. Unamchapia nani?"

Mke alirudi mezani, akazungusha kisaa, akafunua karatasi iliyofuata. Mwandiko wa mumewe ulikuwa kama nyayo za kuku, lakini alikwisha uzoea. Ulikuwa ukurasa wa shukrani, umechanganyika na karatasi za sura. Aliusoma mara moja tu, akaondoa vidole kwenye vitufe.

Wifi yake alisogea nyuma ya kiti, akausoma kwa sauti.

"'Kwa mke wangu, ambaye hajawahi hata siku moja kufungua mlango kabla ya kengele.'" Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Kaka alikupenda. Bahati mbaya tu. Angewahishwa hospitali kidogo tu, leo angekuwa anatembea. Lakini ungejuaje, na mlango umefungwa?"

"Ningejuaje," alisema mke.

Siku ile alikuwa amekaa nje ya mlango huo na sinia la chai, akitazama saa ya ukutani. Kishindo alikisikia dakika ya tatu, akangoja ishirini na mbili zilizobaki.