Mkono wa Mgongoni

Bi Chausiku aliigonga nguzo ya ukumbi kwa mgongo, mara ya tatu tangu somo la dansi lianze. Nguzo haikuomba radhi, na mumewe Kombo vilevile.

"Hufuati, mama Zuhra!" akamkaripia mbele ya watu.

"Sifuati? Miaka thelathini nakwenda kinyumenyume, mwenye kuona njia ni wewe, na nguzo naigonga mimi!"

Mwalimu akaingilia kati. "Bibi, mkono wa mgongoni ndio unaoongoza."

"Kumbe! Basi leo mgongo ni wake."

Akautoa mkono wa Kombo mgongoni mwake, akauweka begani, na wa kwake akaukaza mgongoni kwa mumewe. Muziki ukaanza. Kombo akapeleka mguu nyuma, anapapasa sakafu. Nguzo alikuwa anaiona Chausiku peke yake.