Waliomwitikia Karani

Sheria ilikuwa nyepesi: kinachoitikia hodi kina uhai, kisichoitikia ni kitu tu. Karani wa sensa alipobisha, Bi Saumu aliitikia karibu kutoka jikoni. Jokofu likaitikia, cherehani ikaitikia, mlango nao ukamwambia karani apite ndani. Mumewe, Shebwana, alikuwa ameukodolea macho mpira kwenye runinga.

"Itikia, Baba Zuhura," Bi Saumu alimhimiza.

"Subiri penalti. Kwani hanioni?"

Karani alimtazama, akahesabu waliomwitikia tu, akaaga. Bi Saumu alicheka mpaka akashika mbavu.

Jioni Shebwana alirudi kutoka msikitini, akapiga hodi.

"Bi Saumu," mlango ukauliza kwa adabu, "kuna kitu hapa nje kinaongea. Ni chako?"

Bi Saumu akacheka tena, akazungusha kitasa. Kikagoma.