Msikiti wa Vipande

Jirani yao, Mama Shemsa, anadai kwamba Siwema alimdanganya Bi Kilua huku akicheka. Kucheka hakucheka.

Siwema ni muuzaji katika duka la midoli. Kila Idi huletwa nyumba mpya ya vipande vya kuunganisha, na Bi Kilua amezikusanya mpaka zimekuwa mji sebuleni kwake. Watu humuuliza Siwema ipi haitatengenezwa tena, naye hakosei. Wakala wa kiwanda akishaondoa ile ya maonyesho kabatini, ndiyo basi, haitengenezwi tena.

Mwaka juzi, mbele ya wateja, Bi Kilua aliumwaga mkoba wa Siwema akitafuta pete iliyokuwa kidoleni mwake mwenyewe.

"Ule msikiti wa vipande utarudi, mwanangu?" Bi Kilua aliuliza mwaka jana. Wakala alikuwa ameuondoa kabatini asubuhi ile.

"Utarudi, Bi Mkubwa. Huna haja ya kuukimbilia."

Leo, Idi ikiwa kesho, Bi Kilua amesimama mlangoni kwa Siwema.

"Mji wangu una pengo katikati. Najua unalo boksi moja la msikiti. Niuzie, mwanangu."

Siwema akalitoa boksi, akakata utepe, akavimwaga vipande vyote mkekani.

"Basi niuzie hivyo hivyo," Bi Kilua akasema, akiizungusha pete yake.

Siwema aliinama, akaanza kuutafuta mnara ili amuunganishie.