Nafasi Iliyobaki Kwenye Bati

Mashine ya kuchapa majina kwenye bati pale stesheni ilikuwa imeshameza sarafu ya Bi Rukia. Akazungusha gurudumu la herufi, akavuta mkono wa chuma, akachapa MAMA, kisha akasita kabla ya kuongeza SHOMVI. Shomvi ni mtoto. Aliyemletea uji siku zote za msiba kwa sufuria ambayo sasa anairudisha si Shomvi.

Akairudisha sufuria na vitumbua ndani, kibati kimefungwa kwenye kifuniko, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Mama Shomvi akakigusa kile kibati. “Mbona umeishia hapa?”

“Nimekuachia nafasi ya jina lako, dada.”

“Tangu nimzae Shomvi, hakuna aliyeniuliza.”

Akaokota msumari, akaketi kizingitini, akaanza kukwaruza herufi ya kwanza ya jina lake kwenye kibati, taratibu.