Salamu ya Langoni

Siku sekondari ilipofunguliwa tena baada ya miezi ya maradhi, Mwalimu Wening alisimama langoni, mikono nyuma ya mgongo. Pale mjini Temanggung mwanafunzi haingii shuleni bila kuushika mkono wa mwalimu na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Sasa ilikuwa marufuku. Watoto walipita wakiinamia hewa na kuchekana.

Baba mmoja alikataa kumshusha binti yake kwenye pikipiki.

"Mwalimu, nyumbani tuna bibi, kifua chake kibovu. Wakigusana hapa, atakayeumia ni yeye."

"Hawagusani, mwanangu. Tazama mwenyewe."

"Natazama."

"Hata hesabu nilipokufundisha hukuniamini mpaka uhesabu vidole."

Macho ya baba yalicheka juu ya barakoa. Alitazama kitambo, kisha akamwashiria binti ashuke. Binti akainamia hewa kama wenzake, akaingia darasani.

"Haya, nimekuachia, Mwalimu," alisema baba, na kwa mazoea ya utotoni akanyoosha mkono. Wening naye akatoa wake kabla hajawaza. Mtu mzima yule akainama, paji la uso likatua juu ya mkono wa mwalimu wake.

Wening hakuuondoa. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, na vidole vilivyomshika vilikuwa baridi kama maji ya kisimani. Lakini paji lile lilikuwa la moto.

"Mwanangu," aliuliza taratibu, macho yake yakiwa kwenye mlango wa darasa, "umeamkaje leo?"