Mwiko wa Bi Mwanapili

Kwa miaka tisa Bwana Kitwika, fundi saa, aliwaandikia wasomi barua kwamba yule mama mkali katika tamthilia ya mwandishi mashuhuri aliishi kweli, tena katika mji huu huu. Walimjibu mara moja tu: lete ushahidi.

Leo alisimama na daftari lake uani kwa Bi Mwanapili, bibi kizee asiyejua kusoma.

"Shikamoo, bibi. Yule mwandishi alipanga kwako?"

"Alipanga, akaondoka na mwiko wangu! Mwizi mwenye miwani, hanyamazi kama redio mbovu!"

Bwana Kitwika akachekelea. Matusi hayo yamo katika onyesho la mwisho la tamthilia, neno kwa neno.

"Unacheka nini?" Bi Mwanapili akafoka, akanyanyua mwiko mpya.

Kwenye tamthilia, pazia hufungwa hapohapo. Bwana Kitwika akalamba ncha ya penseli.

"Endelea, bibi."